Miji ya Weusi iliyojitawala magharibi mwa Marekani: Nicodemus, Langston, Boley na wenzake (uzi mrefu)

Nakala Kongwe

Wakuu, salaam.

Kila tukifungua mada ya Wamarekani weusi humu ndani, mazungumzo yanaanzia kwenye meli za watumwa, yanaruka miaka mia, yanatua kwa Martin Luther King. Katikati pale tunaacha shimo. Ndani ya shimo hilo kuna watu waliotoka utumwani, wakapanda treni kwenda nyika wasiyowahi kuiona, wakapima viwanja, wakachagua meya wao na hakimu wao, wakaendesha posta na benki kwa mikono yao. Wala si mji mmoja wa bahati. Oklahoma peke yake ilikuwa na miji na vijiji vya Weusi zaidi ya hamsini. Nimekaa na habari hizi muda mrefu na inaniuma kuona zinapitwa kila mara, ndiyo maana leo nimekaa chini niziandike.

Nitaweka kipande kwa kipande. Naanza na Kansas.

Mwaka 1877 serikali kuu ya Marekani iliacha kuzilinda kwa askari serikali za mwisho za majimbo ya Kusini zilizokuwa zikisimama kwa kura za Weusi. Kwa miaka kama kumi hivi watu hao walikuwa wamepiga kura, wamechaguliwa, wameketi mabungeni. Ghafla wakaachwa mikononi mwa mabwana zao wa jana. Shamba walilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, duka la kukopa mbegu na unga lilikuwa la mwenye ardhi huyohuyo, na daftari la madeni aliandika yeye. Mkulima alivuna, akauza, akaambiwa bado anadaiwa.

Mwaka huohuo, mjini Lexington, Kentucky, kikabandikwa kikaratasi kinachosema kwamba watu weusi wote wanaotaka kwenda Kansas tarehe 5 Septemba 1877 wanaweza kwenda kwa dola 5. Kule Kansas kulikuwa na kampuni ya kupima mji ulioitwa Nicodemus, kando ya mto Solomon. Walioianzisha ni mchungaji mweusi W. H. Smith na mzungu mmoja dalali wa ardhi, W. R. Hill. Matangazo yao yalisifu bonde, udongo na maji. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu raia kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, akae na kuilima miaka mitano, kisha apewe hati. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa yeye mwenyewe ni mali ya kuandikwa kwenye hati ya mwingine, hebu fikirieni neno hilo, hati, lilisikikaje.

Treni iliwashusha Ellis. Kutoka hapo mpaka Nicodemus ni kama kilomita 55, na wengi walizimaliza kwa miguu.

Mwanamke mmoja, Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika masika ya 1878 na baadaye akaisimulia siku ile. Safari ilikuwa imewachosha. Wanaume wakaanza kupaza sauti, Nicodemus ile pale! Akachungulia kwa furaha, asione kitu. Nyumba hakuna, mti hakuna, barabara hakuna. Akamuuliza mumewe, iko wapi? Mumewe akamnyooshea kidole moshi uliokuwa ukitoka ardhini huku na kule, akamwambia hiyo ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyoyachimba ubavuni mwa mwinuko, wameyaezeka kwa matete na mapande ya udongo wenye nyasi, bomba la jiko limechomoza juu kama shina lililokatwa. Mama yule akaanza kulia.

Familia kadhaa ziligeuza. Sina neno baya kwao hata moja. Waliobaki walilima kwa majembe ya mkono kwa sababu wanyama wa kukokota plau walikuwa wa kuhesabu. Wazee wa Nicodemus wamerithishana simulizi kwamba majira ya kwanza ya baridi watu wa taifa la Osage, wenyeji wa asili wa nchi ile, wakirudi kutoka mawindoni, waliwagawia nyama.

Darasa la kwanza lilifunguliwa ndani ya shimo la namna hiyohiyo, mwalimu akiwa Jenny Fletcher. Mumewe, Zachary, ndiye aliyekuwa mkuu wa posta wa kwanza, na akajenga hoteli ambayo jengo lake lipo hadi leo. Chini ya miaka kumi baada ya yule mama kulia, mji ulikuwa na maduka, makanisa, shule na magazeti mawili. Mkaazi mmoja wa pale, Edward McCabe, aliyeanza kwa kuwa karani wa kaunti, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, akarudishwa tena 1884. Huyu McCabe mumshike vizuri, tutakutana naye tena.

Nakala Kongwe

Naendelea. Sasa reli, kwa sababu bila kuelewa reli hamtaelewa kwa nini miji hii ilikufa.

Kwenye nyanda zile mji usio na stesheni hauna soko. Ngano ikikaa ghalani inaoza, na kuipeleka kwa mkokoteni kilomita hamsini kunakula faida yote. Mwaka 1887 watu wa Nicodemus walipiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake pale. Haikuja. Kampuni ya Union Pacific ilijenga, lakini upande wa pili wa mto, na mwaka 1888 kambi ya wajenzi wake ikageuka mji unaoitwa Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus walifanya alichotakiwa kufanya mfanyabiashara yeyote mwenye akili. Walihamia kule, baadhi wakiyaburuta hata majengo yao kuvuka mto.

Hakuna aliyechoma kitu Nicodemus. Hakuna aliyeua. Mtu ofisini alichora mstari kwenye ramani, na mstari ukapita kusini ya mto. Kila nikifika hapa nasimama kidogo, maana watu walioshinda njaa, baridi na udongo mgumu walishindwa na penseli.

Binti Kisaju

Asante kaka kwa uzi. Nina swali na naomba usilikwepe. Hiyo ardhi ya serikali waliyogawiwa ekari 160, serikali iliipata wapi? Maana hapo kabla walikuwepo wenyewe.

Nakala Kongwe

Dada, silikwepi. Ilitwaliwa. Kaskazini magharibi mwa Kansas ilikuwa nyika ya kuwindia ya Wapawnee, Wacheyenne na wengine, nao walisukumwa kwa mikataba na kwa bunduki kabla mkulima wa kwanza, mweupe au mweusi, hajachimba shimo lake pale. Mtu aliyetoka utumwani alipata uhuru wake juu ya ardhi ya mtu mwingine aliyefukuzwa, na ukweli huu lazima usomwe pamoja na yale machozi ya Mama Hickman. Mimi nayabeba yote mawili.

Swali lako linatupeleka Oklahoma moja kwa moja, na kule mambo yamefungamana zaidi.

Miaka ya 1830 serikali ya Marekani iliyafukuza mataifa ya Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole kutoka kusini mashariki, ikayapeleka eneo lililoitwa Indian Territory, ambalo leo ni sehemu ya Oklahoma. Baadhi ya watu wa mataifa hayo walikuwa na watumwa weusi na walikwenda nao. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, mikataba ya 1866 iliwafanya walioachwa huru wa Creek na Seminole kuwa raia kamili wa mataifa hayo. Weusi wa Creek walilima ardhi ya taifa, waliongea lugha ya Creek, waliketi kwenye baraza la taifa. Kisha Washington ikaamua kuivunja ardhi ya pamoja na kuigawa kwa mtu mmoja mmoja. Kila Mcreek aliyeandikishwa, pamoja na Weusi wao, mwanamume, mwanamke na mtoto, alipewa ekari 160.

Hapo ndipo tofauti na Kansas ilipo. Huyu hakusubiri miaka mitano wala hakumtegemea dalali. Alikuwa na hati mkononi kwa haki ya uraia. Miji mingi ya Weusi upande wa mashariki wa Oklahoma iliota juu ya viwanja vya watu hawa au pembeni yake.

Dereva wa Masafa

Mkuu, umenitoa mafichoni. Niko Marekani mwaka wa tisa, naendesha lori. Njia ya I-40 naipita kila wiki mbili. Siku moja kulikuwa na foleni ya ajali, nikachepuka na gari dogo la rafiki yangu tukaingia mji unaitwa Boley. Barabara ya katikati ni pana kupita kiasi kwa mji mdogo vile, pembeni majengo ya matofali ya zamani, mengine yamebaki kuta tu. Kimya. Mzee mmoja mweusi alikuwa amekaa kivulini akatupungia mkono. Nikajiuliza nani alijenga barabara pana hivi kwa ajili ya watu gani? Nikaondoka na swali langu. Leo ndio nasoma.

Nakala Kongwe

Mkuu Dereva, hapo ulipopita ndipo ninapotaka kukaa muda mrefu kuliko kwingine.

Boley ilianza 1903, ikasajiliwa rasmi kama mji 1905. Ardhi ilikuwa mgawo wa Abigail Barnett, binti wa James Barnett, Mweusi wa taifa la Creek. Kampuni ya reli ya Fort Smith and Western ilikuwa ikipita hapo na ilihitaji kituo. Inasimuliwa kwamba wazungu wawili wa mambo ya reli na ardhi walibishana kama Weusi wanaweza kujitawala, wakaamua kujaribu, na mji ukachukua jina la mmoja wao. Mimi simulizi hiyo naipa uzito mdogo. Hata kama ilikuwa hivyo, mabishano ya watu wawili hayajengi mji. Thomas Haynes, mtu mweusi aliyepewa kazi ya kuuza viwanja, alisambaza habari Kusini kote, na watu wakaja kutoka Texas, Louisiana, Mississippi, Georgia. Barabara pana uliyoiona ilichorwa na watu walioamini mji utajaa.

Na ulijaa. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi maarufu wa Weusi wakati ule, alipita pale 1905, na mwaka 1908 akaandika juu yake kwenye jarida. Alikuta watu kama 2,500, benki mbili, mitambo miwili ya kuchambua pamba, gazeti, hoteli na chuo. Akaandika pia kwamba kwa miaka miwili, kwa maelezo aliyopewa, hakuna raia wa mji aliyekamatwa.

Hilo la mwisho lisomeni taratibu. Kusini polisi alikuwa mzungu, hakimu mzungu, baraza la wazee wa mahakama wazungu, na kosa la kutopisha njia lilitosha kumfunga mtu na kumpeleka kazi ngumu. Pale Boley mkuu wa polisi ni jirani yako, hakimu anasali kanisani kwako, karani wa mji ameoa kwa shangazi yako. Mtoto anapelekwa posta kuchukua barua, anaingia kwa mlango wa mbele.

Kaka Mrefu

Nimesoma yote mpaka hapa, heko. Ila niulize kwa nia njema. Kujitenga mji mzima wa rangi moja si ndio kumkubalia mbaguzi hoja yake? Yeye anasema tusikae pamoja, na wewe unakwenda kujenga kwako.

Nakala Kongwe

Kaka, swali hilo liliwagawa wao wenyewe, kwa hiyo halina ubaya. Nakupa mfano ambao unaniumiza.

Kule Mississippi, mwaka 1887, Isaiah Montgomery na wenzake walianzisha mji wa Mound Bayou katikati ya msitu wa kinamasi. Si magharibi, lakini ulikuwa pori la kweli, la dubu na mafuriko. Montgomery alizaliwa mtumwa katika shamba la kaka yake Jefferson Davis, yule rais wa Kusini iliyoasi. Mwaka 1890 jimbo likaandika katiba mpya yenye lengo moja, kuwanyang'anya Weusi kura. Mjumbe mweusi alikuwa mmoja tu katika mkutano ule, naye ni Montgomery. Akapiga kura ya kuunga mkono. Hesabu yake, kwa jinsi wengi wanavyoielewa, ilikuwa kuununulia mji wake amani. Mji ukaishi. Weusi wa Mississippi wakakosa sauti kwa zaidi ya miaka sabini. Kwangu bei ile ilikuwa kubwa mno, na hakuwa na mamlaka ya kuilipa kwa niaba ya watu wengine.

Kwa hiyo ndiyo, kujitenga kulikuwa na mtego wake. Lakini mkulima wa kawaida aliyehamia Boley hakwenda kumkubalia mtu hoja. Alikwenda mahali ambapo akishtakiwa atasikilizwa, akiuza pamba atapimiwa mizani ya haki, na usiku mlango wake hautagongwa. Tena hawakujitenga na kura. Walipiga kura kwa wingi, na hapo ndipo moto ulipowaka.

Nakala Kongwe

Sasa turudi kwa McCabe, kisha mtaona moto huo.

McCabe alipomaliza kazi Kansas alihamia Oklahoma, na Oktoba 1890 akaanzisha mji wa Langston, pamoja na gazeti lililosambazwa Kusini kuita watu. Masharti ya viwanja yalisema haviuzwi kwa asiye mweusi. Ndoto yake ilikuwa kubwa kuliko mji. Alitaka Weusi wajae Oklahoma mpaka liwe jimbo lao, na mwaka huohuo alikwenda kuonana na Rais Benjamin Harrison. Magazeti ya wazungu yakapiga kelele, na ugavana wa Oklahoma aliokuwa akiutaka hakupewa.

Langston ilikuwa na tatizo la maji na reli haikupita, kwa hiyo kwa mizani ya Nicodemus ilipaswa kufa. Haikufa kwa sababu ya chuo. Sheria ya 1897 ilikubali kuwe na chuo cha Weusi, lakini ardhi ekari 40 wainunue wananchi wenyewe. Wakaandaa pikiniki, wakafanya minada, akina mama wakaoka keki na kuuza, na ardhi ikapatikana. Septemba 1898 masomo yakaanza ndani ya kanisa kwa wanafunzi 41. Leo ni Chuo Kikuu cha Langston na bado kinatoa wahitimu. Nikisikia mtu anadharau michango ya kina mama na sahani za keki, huwa nakumbuka ekari zile 40.

Haya, moto. Tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo kamili. Sheria ya kwanza kabisa kuletwa kwenye Seneti yake, na kupitishwa Desemba hiyohiyo, ilikuwa ya kutenganisha mabehewa na vyumba vya kusubiria treni kwa rangi. Kabla ya barabara, kabla ya shule, hilo ndilo walilolianza.

Mwaka 1908 kaunti ya Logan, ambako Langston ipo, ilimchagua A. C. Hamlin kuwa Mweusi wa kwanza katika bunge la jimbo. Mwaka 1910 wakabadili katiba. Mpiga kura lazima apimwe kusoma na kuandika, isipokuwa yule ambaye yeye au babu yake aliruhusiwa kupiga kura tarehe 1 Januari 1866. Babu za wazungu waliruhusiwa. Babu za Weusi wengi siku hiyo walikuwa ndio kwanza wametoka minyororoni. Sheria haikutaja rangi hata mara moja, na kila mtu alielewa. Bunge lile halikumwona Mweusi mwingine hadi uchaguzi wa 1964.

Mahakama Kuu ya nchi iliifuta sheria hiyo 1915. Jimbo likajibu 1916 kwa nyingine. Aliyepiga kura 1914 yumo daftarini moja kwa moja, asiyepiga, yaani yule aliyezuiliwa, ajiandikishe kati ya tarehe 30 Aprili na 11 Mei 1916, la sivyo amekosa maisha. Siku 12. Mlango huo ulivunjwa mahakamani 1939.

Boley iko kaunti ya Okfuskee. Kura zake zikijumlishwa kwenye kaunti ziliweza kuamua nani anashinda, na hilo wazungu wa kaunti hawakulivumilia. Mwaka 1911 wakulima wao walitia saini viapo vya kutompangisha wala kumuuzia ardhi mtu mweusi. Mei mwaka huohuo, karibu na Okemah, makao makuu ya kaunti, mama mmoja, Laura Nelson, na kijana wake L. D. walitolewa jela na kundi la watu wakanyongwa kwenye daraja la mto. Picha ya miili yao ikauzwa kama kadi ya posta. Kutoka daraja lile mpaka Boley ni mwendo wa saa chache kwa farasi.

Meya mweusi, sawa. Hakimu mweusi ndani ya mipaka ya mji, sawa. Lakini ukivuka mpaka wa mji ukaweka karatasi kwenye sanduku la kaunti, hapo umegusa kitu cha wenyewe.

Na hati zile za Wacreek weusi? Mwaka 1908 Bunge la Marekani liliondoa zuio la kuuza mashamba ya Weusi hao, watoto kwa wakubwa. Madalali wakaingia kwa kasi, wengine wakijifanya walezi wa mayatima wenye ardhi yenye mafuta. Hati iliyopatikana kwa uraia ikaondoka kwa saini ya alama ya dole.

Binti Kisaju

Nimeacha kupika nasoma. Kuna waliofikiria kurudi Afrika?

Nakala Kongwe

Wapo dada, na walifika.

Mwaka 1913, katikati ya hofu hiyo, alitokea Okfuskee mfanyabiashara kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, Chifu Alfred Sam. Akauza hisa za kampuni yake kwa dola 25. Aliyenunua hisa alikuwa na nafasi ya safari. Watu wa Boley, Clearview na vijiji jirani wakauza mashamba, mifugo na vyombo. Wengine walienda kupiga kambi Galveston, bandarini Texas, wakisubiri meli kwa miezi. Meli ilinunuliwa kweli, ikaitwa Liberia. Ikang'oa nanga Agosti 1914 na abiria 60 hivi, vita ya dunia ikiwa imeanza mwezi huohuo. Waingereza wakaikamata baharini na kuizuia Freetown. Januari 1915 ndipo wakatia mguu Saltpond, pwani ya Gold Coast. Maisha kule yakawa magumu, baadhi wakafa kwa homa, baadhi wakarudi Marekani.

Wapo wanaomwita Chifu Sam tapeli. Mimi naona mtu tapeli hapandi meli na wateja wake kuvuka bahari iliyojaa manowari.

Kaka Mrefu

Nimekuelewa kuhusu kura. Na majimbo mengine je? California?

Nakala Kongwe

California kulikuwa na Allensworth, kaunti ya Tulare, 1908. Mwanzilishi ni Allen Allensworth, aliyezaliwa mtumwa Kentucky 1842, akastaafu jeshini 1906 akiwa na cheo cha luteni kanali baada ya kuwa kasisi wa kikosi cha Weusi. Mji ulikuwa na shule nzuri, maktaba, na hakimu wake Oscar Overr. Kampuni iliyouza viwanja iliahidi maji ya kutosha na haikutimiza. Mwaka 1914 reli ya Santa Fe ikahamishia kituo mji jirani, na Septemba ya mwaka huo kanali akagongwa na pikipiki mjini Monrovia akafa. Mistari miwili ya kalamu, moja ya reli na moja ya maji, na kifo kimoja.

Colorado kulikuwa na Dearfield, 1910, wa Oliver Toussaint Jackson. Ukame na vumbi la miaka ya 1930 viliumaliza, hadi 1940 walibaki watu 12. New Mexico kulikuwa na Blackdom, karibu na Roswell. Hiyo nayo inataka uzi wake.

Dereva wa Masafa

Ile benki ya Boley bado ipo, jengo la kona. Nimeona kibao. Kuna tukio lilitokea pale?

Nakala Kongwe

Lilitokea, mkuu. Tarehe 23 Novemba 1932. Pamba imeanguka bei, benki nchi nzima zinafungwa, ile ya Boley imesimama. Watu watatu wa genge la jambazi maarufu Pretty Boy Floyd wakaingia na bunduki, kiongozi wao akiwa George Birdwell. Rais wa benki, D. J. Turner, alikuwa ameweka kengele ya siri iliyounganishwa na noti ndani ya droo. Ukiivuta noti ile, kengele inalia. Alipokuwa akiwatolea fedha, akaivuta. Birdwell akamuuliza kama ni yeye aliyepiga kengele. Turner akakiri. Akapigwa risasi pale pale.

Mtunza hesabu, H. C. McCormick, alikuwa amejibanza ndani ya chumba cha hazina na bunduki. Akampiga Birdwell, akafa. Nje, wananchi walikuwa wameshatoka madukani na bunduki zao. Jambazi wa pili aliuawa barabarani, kwenye ile barabara pana uliyoiona. Wa tatu alijeruhiwa akakamatwa, naye akafikishwa mbele ya sheria akiwa hai.

Turner alikuwa ameuweka mji ule kwenye daftari zake kwa miaka. Alijua kila dola ni ya nani.

Reli ya Fort Smith and Western ilifungwa 1939. Vijana walienda Tulsa, Oklahoma City, California. Leo Oklahoma imebakiwa na miji 13 tu ya Weusi yenye usajili wa mji, Boley na Langston ikiwemo.

Dereva wa Masafa

Nikipita tena nasimama. Nione na hiyo Nicodemus?

Nakala Kongwe

Nenda mwishoni mwa Julai. Kila mwaka wajukuu wa waanzilishi wanarudi kutoka kila pembe ya Marekani kwa sherehe ya uhuru wao, ambayo asili yake ni tarehe 1 Agosti, siku utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza 1834. Majengo matano ya zamani yanatunzwa na serikali kuu tangu 1996. Na Boley wana rodeo yao mwisho wa Mei, wapanda farasi weusi wanakuja kwa mamia ya kilomita.

Binti Kisaju

McCabe aliishia wapi?

Nakala Kongwe

Ile sheria ya kwanza ya jimbo, ya kutenganisha mabehewa, McCabe na wenzake wanne waliipeleka mahakamani kabla haijaanza kutumika. Kesi ilitembea miaka, ikafika Mahakama Kuu mjini Washington. Novemba 1914 majaji wakasema kipengele kinachoruhusu reli kuwa na mabehewa ya kulala na ya kulia chakula kwa wazungu peke yao, eti kwa sababu Weusi ni wachache, kinavunja usawa. Wakasema hivyo wazi. Kisha wakawanyima ushindi wadai wote watano, kwa hoja kwamba hakuna hata mmoja wao aliyethibitisha kuwa yeye mwenyewe alikwenda stesheni, akaomba kitanda, akanyimwa.

Alikufa Chicago mwaka 1920, maskini. Mwili wake ukarudishwa Kansas ukazikwa Topeka, mji ambamo miaka 35 nyuma alikuwa na ofisi, meza na muhuri wa mkaguzi mkuu wa jimbo.